Kununua sare za shule Tanga wakati mambo hayatabiriki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nashona sare za shule Ngamiani, Tanga. Wazazi wanaokuja kwangu wanatoka Makorora, Mabawa, Duga na Chumbageni, wengine mpaka Pongwe na Muheza, na maswali yao yanafanana. Miaka hii yameongezeka yale yanayoanza na "sasa kama": kama kazi ikisimama, kama mtoto akipangiwa shule nyingine, kama shule ikibadilisha rangi. Majibu haya ni kwa ajili yao. Msimamo wangu utaukuta kila mahali humu: anza na vile vinavyokubalika shule yoyote, vyenye alama ya shule vije mwisho, na fedha yako iweke kwenye kitambaa na mshono.

## Mambo ya mwanzo

Sare kamili ina vitu gani hasa?

Shule nyingi za msingi za serikali zinataka shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu iliyokolea, sweta la rangi ya shule, soksi na viatu vyeusi. Sekondari shati mara nyingi hubaki jeupe, ila sketi na suruali ndipo shule zinapoachana: kijivu, kijani, damu ya mzee, nyeusi. Nyingine zina tai, tisheti ya michezo, na shamba dresi kwa kazi za mikono. Shule binafsi kila moja na mambo yake, zipo zinazovaa drafti kuanzia juu mpaka chini.

Ukishapata orodha, igawe mafungu mawili kwa kalamu. Fungu la kwanza ni vya jumla: shati jeupe lisilo na nembo, viatu, soksi, begi, na ushungi mweupe kwa binti wa Kiislamu. Fungu la pili ni vya shule: sweta, tai, nembo, tisheti, na sketi au suruali yenye rangi ya pekee. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye mafungu haya mawili.

Si tuliambiwa elimu ni bure? Mbona sare tunanunua?

Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015. Iliondoa ada na michango ya lazima kutoka awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ada ikaondolewa kidato cha tano na sita katika shule za serikali. Sare, madaftari, kalamu na matibabu vilibaki kwa mzazi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo atakayekuambia "serikali itatoa sare" anakupotosha, na atakayekudai ada shule ya msingi ya serikali naye anakupotosha.

Ninunue lini?

Kitambaa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kushona Novemba. Likizo ya Juni pia ni wakati mzuri, mafundi hatuna foleni na duka lina muda wa kukukatia kitambaa bila haraka. Wiki ya mwisho ya Desemba na mbili za mwanzo za Januari ndizo mbaya kuliko zote: mji mzima unataka shati jeupe siku moja, kitambaa kizuri kimekwisha, na fundi anashona usiku akiwa amechoka. Mshono wa usiku wa Januari utaujua, kola moja imekwenda juu, nyingine chini.

Pea ngapi zinatosha?

Kwa mtoto wa kutwa: mashati mawili, sketi au kaptula mbili, soksi pea mbili au tatu, viatu pea moja. Tanga joto la Januari na Februari linaloanisha shati kabla ya mapumziko ya saa nne, kwa hiyo shati moja kwa wiki nzima ni kumtesa mtoto, na kulifua kila jioni kunalimaliza upesi. Kama fedha inatosha vitu vitatu tu, chukua mashati mawili na kaptula moja. Kaptula ya rangi inavumilia siku mbili, shati jeupe halivumilii. Kwa wa bweni tazama swali la Lushoto.

## Kushonesha au kununua tayari

Ipi nafuu?

Wengi wananijia wakidhani nitasema kushonesha kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ukweli ni kwamba siku ya kununua, shati la tayari mara nyingi ni rahisi zaidi. Tofauti inakuja baadaye. Tuseme la dukani ni shilingi 12,000 na la kushona 16,000. La dukani likichanika kwapa baada ya muhula mmoja, umelipa 12,000 kwa muhula. La kushona likienda mihula minne, umelipa 4,000 kwa muhula. Bei hizo ni za mfano, hesabu yenyewe ndiyo muhimu. Mwaka wa shule una mihula miwili, basi kila nguo igawe kwa mihula utakayoitumia.

Kabla hujalipia nguo ya tayari, igeuze ndani nje. Angalia kama kingo zimefungwa au nyuzi zinaning'inia. Shika mshono wa bega pande mbili uvute taratibu: ukiona matundu ya sindano yanafunguka, irudishe. Tazama pindo la chini. Likiwa jembamba kama kidole cha mtoto, nguo hiyo haitaongezeka urefu kamwe.

Soksi, sweta na tisheti usihangaike na fundi cherehani, nunua tayari. Sketi ya marinda, suruali na shati, shonesha ukiweza.

Kitambaa gani kinafaa joto la hapa?

Kwa shati, mchanganyiko wa pamba na poliesta ambao pamba ina sehemu kubwa. Pamba tupu inapumua vizuri lakini hujikunja na hurudi ikifuliwa. Poliesta tupu haijikunji, inakauka haraka, na mtoto anachemka ndani yake. Kwa sketi na suruali, tetroni nzito inafaa kwa sababu marinda yanashika na rangi haipauki upesi.

Kitambaa chenye pamba kiloweke maji usiku mmoja, kianike, ndipo ukilete kwa fundi. Kinachotaka kurudi kirudi kikiwa bado kitambaa.

Nitajuaje kama muuzaji ananiambia kweli kuhusu pamba?

Omba akuruhusu uchomoe nyuzi mbili tatu kwenye ukingo wa jora. Zisokote pamoja, zishike kwa kibano au pini, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani, mbali na watoto na mbali na vitambaa vyenyewe. Uzi wa pamba unawaka moja kwa moja, unanuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake ni laini, ukiligusa linapotea. Uzi wa poliesta unajikunja kwanza kama unakimbia moto, unatoa moshi mweusi, na mwishoni unabaki na kijiwe cheusi kigumu, usikiguse kikiwa cha moto. Mchanganyiko unafanya yote mawili: unawaka, kisha kwenye jivu unakuta vijiwe vidogo vidogo. Kadiri vijiwe vinavyozidi, ndivyo pamba ilivyopungua.

Muuzaji akikataa usichomoe uzi, usigombane naye. Kinyanyue kitambaa mbele ya mdomo upulizie: pumzi ikipita kirahisi, hewa nayo itapita mgongoni kwa mtoto.

Ninunue mita ngapi?

Uliza upana kwanza, kwa kuwa mita moja ya inchi 60 ni zaidi sana ya mita moja ya inchi 36. Kwa upana wa inchi 60, shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la kwanza au la pili linatoka kwenye mita moja, na mara nyingi kinabaki kipande. Kijana wa sekondari andaa mita moja na nusu mpaka mbili kulingana na mwili.

Sketi ya marinda ndiyo inayowashangaza wazazi. Rinda lililokamilika linakula kitambaa mara tatu ya upana wake, kwa hiyo kiuno cha inchi 26 kinataka kitambaa cha inchi 78 kuzunguka kabla hujaongeza za kushonea. Fundi anayekuambia mita moja inatosha sketi ya marinda ya kidato cha kwanza atakushonea marinda ya mbele tu, au marinda membamba yasiyokaa. Usimlaumu baadaye kama wewe ndiye uliyesisitiza mita moja. Na kipande kinachobaki kidai, ni chako, ndicho kitakachotia kiraka siku kaptula ikitoboka makalioni.

## Vipimo na mtoto anayekua

Nimshonee kubwa kiasi gani ili imfae mwaka ujao?

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Mzazi anachukua shati la miaka kumi kwa mtoto wa miaka saba. Mabega yanaanguka mpaka kwenye viwiko, kola inacheza shingoni, mtoto anakanyaga sketi akipanda ngazi. Mpaka nguo ije imtoshe, imeshachakaa.

Mtoto wa shule ya msingi hukua sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akibalehe anaweza kuongeza 8 au zaidi, na wasichana hutangulia wavulana kwa takriban miaka miwili. Ongezeko hilo haliingii lote kwenye sketi, sehemu inakwenda miguuni chini ya goti, sehemu kiwiliwilini. Kwa hiyo pindo la inchi tatu, ambalo ni kama sentimita 7 na nusu, linabeba sketi au suruali karibu miaka miwili. Mwambie fundi: pindo inchi tatu, ndani ya mishono ya ubavuni abakize inchi moja kila upande, kiunoni aweke lastiki nyuma au vifungo viwili vya kubadilishia. Mabega na kola vipimwe vya leo, na nyongeza ndogo tu. Hivyo ndivyo nguo inavyokua pamoja na mtoto, huku akionekana nadhifu tangu siku ya kwanza.

Mtoto aje mwenyewe kupimwa. Kumpima kwa shati la kaka yake ni kubahatisha.

Nikishusha pindo, ile alama ya mkunjo nitaitoaje?

Fumua kwa wembe taratibu, piga brashi vumbi lililoganda kwenye mkunjo, kisha lowesha kitambaa kwa maji yenye siki nyeupe kidogo, weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake na upige pasi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Kama sketi imepauka juani kwa mwaka mzima, mstari hautaondoka wote, kwa kuwa ndani ya pindo rangi bado ni mpya. Shona mstari mmoja wa uzi wa rangi ileile juu ya alama, utaonekana kama pambo la mshono.

Na viatu?

Nunua jioni, miguu ikiwa imetanuka, mtoto akiwa na soksi anazovalia shule. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Zaidi ya hapo kisigino kitapwaya, mtoto atatembea kwa kuburuza na soli itakwisha upande. Kabla hajavivaa, vipeleke kwa fundi viatu ashonee soli kuzunguka. Masika ya Machi mpaka Mei gundi tupu haihimili madimbwi.

## Mambo yakiwa hayajaeleweka

Mwanangu kamaliza darasa la saba, hatujui atapangiwa wapi. Nisubiri?

Usisubiri vyote, wala usinunue vyote. Uchaguzi wa kidato cha kwanza hutangazwa na TAMISEMI, mara nyingi Desemba, na shule zinafunguliwa Januari. Ukisubiri mpaka upate fomu ya maelekezo ya kujiunga, una wiki chache tu na mji mzima uko dukani nawe.

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, nunua fungu la kwanza: mashati meupe mawili, viatu, soksi, begi. Acha sketi na suruali. Rangi ya sketi usiikisie kwa kuwa "watoto wengi wa mtaa huu huenda shule ile". Nimeona wazazi wakishona sketi za kijani, jina likatoka kwenye shule ya damu ya mzee. Fedha ya fungu la pili itenge kando, na mweleze fundi mapema kuwa utakuja na kitambaa mwishoni mwa Desemba, akuwekee nafasi. Mafundi tunakubali hilo kwa mteja anayesema ukweli.

Fomu ikifika isome mpaka mwisho. Nyingi zinaeleza hata mshono: sketi ishuke kiasi gani chini ya goti, suruali iwe na marinda au la, mifuko mingapi. Njoo nayo kwa fundi, usije na kumbukumbu.

Huenda tukahama mji kabla ya mwaka kwisha. Nifanyeje?

Nguo za darasa la sasa nunua pea moja moja za fungu la pili, usijaze kabati. Nembo usitarizi moja kwa moja kwenye shati. Nunua nembo ya kitambaa, ishonee mfukoni kwa mkono, mishono mirefu, ili siku ya kuhama uifumue bila kuacha tundu. Sweta la shule ya zamani lina mnunuzi: mzazi wa mtoto mdogo pale pale shuleni. Liuze kabla hujaondoka, kwa kuwa Muheza au Korogwe halina kazi.

Shule zikifungwa ghafla, si nimepoteza fedha?

Swali hili linatoka mwaka 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, na waliobaki tarehe 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu nguo zilikuwa kabatini na watoto wanakua. Waliokuwa na pindo walishusha, wakaendelea. Waliokuwa na nguo za tayari zenye pindo jembamba walirudi dukani wakati vipato vingi vimeyumba. Funzo nililolipata ni moja tu: usinunue sare za muhula wa pili pamoja na za muhula wa kwanza. Nunua za miezi sita, na pindo.

Nguo zikikaa, zikae zimefuliwa na kukauka kabisa. Unyevu wa pwani unatia ukungu kwenye kitambaa chenye jasho, na madoa ya ukungu kwenye shati jeupe ni vigumu mno kutoka.

Nimesikia Januari 2028 kutakuwa na msongamano. Ni kweli?

Ndiyo, jiandae. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mitaala mipya ilianza Januari 2024. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mbele yao linamaliza la saba. Makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza pamoja. Kwangu mimi hiyo maana yake ni mashati meupe mara mbili kwa cherehani zilezile. Mwenye mtoto kwenye makundi hayo asiache hata shati moja mpaka Januari.

## Fedha

Kipato changu kinakuja na kukata. Nianze na nini?

Viatu na shati la kwanza. Baada ya hapo kila fedha inapopatikana ongeza kitu kimoja kutoka fungu la kwanza, kisha kitambaa cha sketi, kisha ujira wa fundi, sweta mwisho. Sweta Tanga mjini linaweza kusubiri mpaka Juni kukiwa na ubaridi, ukiongea na mwalimu wa darasa.

Kitambaa hakiozi. Mama wa samaki akiuza vizuri siku moja Agosti, anaweza kununua mita zake akaziweka sandukuni, na fedha hiyo haitakwenda kwenye vocha. Kwenye kikoba au mchezo, omba zamu yako iangukie Oktoba au Novemba. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, malipo yakitoka karibu na mwisho wa mwaka, toeni cha viatu siku ileile.

Nikope?

Kwa mwajiri, kwa ndugu, kwenye kikoba chako, sawa, ukijua utarudishaje. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali, hapana. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa nimewaona kina mama wakichukua kwa ajili ya sare Januari, na kufika Machi sebule haina kochi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayekopesha kibiashara awe na leseni ya Benki Kuu. Muulize akuonyeshe. Akikwepa, ondoka. Mtoto anaweza kuanza shule bila sare kamili (tazama swali la Januari hapo chini), lakini deni la riba ya kila siku halisubiri.

Fundi anataka arubuni. Nimpe kiasi gani?

Ukileta kitambaa chako mwenyewe, nusu ya ujira inatosha, na hata robo ni haki. Kama fundi ndiye anayenunua kitambaa, nenda naye dukani ulipie mwenyewe. Chukua karatasi yenye tarehe, vipimo, idadi ya nguo, kiasi ulicholipa na siku ya kuchukua, hata kama ni ukurasa wa daftari. Fundi mwaminifu haoni tabu kuandika.

Mtu anauza sare mtandaoni, anataka nitume fedha kwanza.

Usitume. Duka la kweli lina mahali, na Tanga si mji mkubwa kiasi cha kushindwa kumtuma mtu Ngamiani akalione. Kama ni lazima, lipa mzigo ukifika mkononi. Ukilipia dukani kwa simu, soma jina linalotokea kwenye lipa namba kabla hujaweka namba ya siri, na udai risiti.

Mitumba inakubalika?

Shati jeupe la mtumba likiwa zima linakubalika, na mara nyingi kitambaa chake ni bora kuliko jipya la bei ya chini. Angalia kola kwa ndani, kwapa na vifungo. Sweta za rangi moja pia hupatikana. Viatu viangalie kwa kuvikunja: soli ikitoa mipasuko, acha. Soksi za mtumba mimi simshauri mtu.

Kuna pia sare zinazorithiwa, ambazo watu wanaona haya kuziulizia. Mtoto wa jirani kamaliza la saba, nguo zake zimekaa. Muombe mama yake kwa heshima. Mimi huzibadilisha kola kwa kuigeuza upande wa ndani, shati linakuwa kama jipya shingoni, kwa gharama ndogo mno.

## Hali za pekee

Januari imefika na mtoto hana sare. Nimzuie nyumbani?

Hapana, mpeleke. Viongozi wa serikali wamekuwa wakisisitiza kila shule zinapofunguliwa kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare, mzazi akiendelea kutafuta. Nenda naye mwenyewe, avae nguo safi zinazokaribia rangi za shule, mwone mwalimu mkuu na umtajie siku utakayokamilisha. Siku hiyo iwe ya kweli. Akirudishwa, mwone mtendaji wa kata au afisa elimu kata.

Ushungi wa shule na wa chuoni uwe mmoja?

Unaweza, kama vyote viwili vinataka mweupe, na shule nyingi hapa hutaka hivyo. Shona mbili, mmoja ukifuliwa mwingine unavaliwa, kwa sababu binti anatoka shule mchana na alasiri yuko madrasa. Urefu ufuate maelekezo ya shule. Kitambaa kiwe chepesi chenye pamba, hapa ndipo joto linapowaonea watoto wa kike zaidi.

Amepangiwa bweni, Lushoto. Kuna tofauti?

Kubwa. Usambara kuna baridi, hasa Juni mpaka Agosti, kwa hiyo sweta linapanda kutoka mwisho wa orodha mpaka mwanzo. Andaa mashati matatu na soksi nzito, na fulana ya ndani. Tariza jina lake ndani ya kola na kiunoni kwa uzi, kalamu inafutika baada ya kufuliwa mara chache.

Shule inalazimisha tununue duka moja tu, na ni ghali.

Ulizia kwa mwalimu mkuu kilicho cha lazima ni nini hasa. Mara nyingi ni nembo na rangi, si shati. Chukua kipande cha kitambaa cha shule, kilinganishe maduka mengine kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa ndani ya duka bluu mbili tofauti zinafanana. Wazazi mkiwa wengi, pelekeni jambo hilo kwenye kikao au kamati ya shule. Mzazi mmoja hujibiwa haraka haraka, kumi husikilizwa.

Binti yangu anarudi shule baada ya kujifungua. Sare zake za zamani hazimfai.

Serikali iliruhusu wasichana hao kurudi shuleni tangu Novemba 2021, na sare yake ni ileile ya wenzake. Kama nguo zina akiba ubavuni, zifumuliwe kifuani na kiunoni. Kama hazina, anza na shati jipya lenye nafasi kifuani na vifungo vya mbele vinavyofunga vizuri. Mlete jioni wateja wakipungua, apimwe na fundi wa kike kama anapenda hivyo. Asikose masomo kwa kuona haya ya shati.

Mtoto ana ualbino, sare ya shule ni kaptula na mikono mifupi.

Mshonee mikono mirefu na suruali ndefu za rangi ileile, na ukamweleze mwalimu mkuu kabla ya siku ya kwanza. Ni kinga ya ngozi, jua la hapa halina huruma. Kitambaa kiwe kilichofumwa kwa kubana: kinyanyue kwenye mwanga, usione vitundu. Ongeza kofia yenye ukingo mpana pande zote, siyo kapelo inayoacha masikio na shingo nje.

Shati jeupe limekuwa la njano. Nitie dawa ya kung'arishia?

Taratibu na dawa hizo, zenye klorini zinaweza kuzidisha unjano kwenye vitambaa vya mchanganyiko na kukata nyuzi. Mara nyingi tatizo ni sabuni isiyosuuzwa, au maji ya kisima yenye kutu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua kola na kwapa kwa sabuni ya mche, suuza mara tatu, ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua yenye bluu kidogo.

Fundi kaharibu nguo, au duka limekataa kubadilisha. Nidai wapi?

Kwa fundi, rudi na ile karatasi ya arubuni na umpe nafasi ya kurekebisha kwa siku mliyokubaliana. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa hushughulikia mambo kama haya bila gharama. Kwa duka, nguo isiyovaliwa, isiyofuliwa, na risiti mkononi. Ulinzi wa mlaji kitaifa uko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Nguo ikaguliwe na ijaribiwe pale pale kabla hujaondoka, mtoto anyanyue mikono, achuchumae, apige hatua ndefu. Mshono mbovu utalia hapo hapo, na fundi atakaa chini aurudie wewe ukiwa bado kwenye benchi.